Mtu Mzima Anayesoma Anahitaji Nyumba

Mjini Oxford, kwenye barabara ya Mansfield, kuna chuo ambacho kijana wa miaka 18 hapokelewi hata awe amefaulu kuliko wenzake wote wa nchi nzima. Kinaitwa Harris Manchester. Sharti lake la kwanza ni umri: uwe umetimiza miaka 21 unapoanza masomo, na wengi wanaoingia wameivuka kwa mbali. Nilisoma Historia hapo nikiwa nimeshapita arobaini, baada ya miaka ya kufundisha shule ya msingi Morogoro na mingine ya kuhudumia wazee katika nyumba za kulelea huku Uingereza. Tangu nimalize, watu wa nyumbani na wa huku wananiuliza swali lile lile: mtu mzima anaambulia nini kwenye mila zile za Oxford za majoho na Kilatini? Nataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu naamini jibu lake linatugusa sisi wa Afrika Mashariki pia.

Kwa asiyepajua, Oxford si chuo kimoja chenye geti moja kama Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vyuo zaidi ya 30, kila kimoja na mabweni yake, ukumbi wake wa chakula, maktaba yake, bawabu wake mlangoni na walimu wake. Chuo kikuu ndicho kinachosahihisha mitihani na kutoa shahada. Lakini unakolala, unakokula, na watakaojua kwamba wiki hii umeugua au umefiwa, ni chuo chako. Ukimuuliza mwanafunzi wa Oxford anasoma wapi, atakutajia chuo chake kabla hajakutajia somo.

Harris Manchester hakikuzaliwa Oxford. Kilizaliwa mjini Manchester mwaka 1786, na kilizaliwa kwa sababu Oxford ilikuwa imefunga mlango. Enzi hizo, aliyetaka kuandikishwa Oxford ilimlazimu kwanza atie sahihi kwamba anakubali Vifungu 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza. Cambridge walikuacha usome, ila shahada hukuipata mpaka ukubali. Mkatoliki, Myahudi, Mbaptisti, Quaker, wote walibaki nje. Miongoni mwa hao waliobaki nje walikuwamo Waprotestanti wasiotaka kulifuata Kanisa la serikali, watu wenye viwanda na maduka, wenye fedha na wenye kiu kubwa ya elimu. Wakajifungulia shule zao za juu. Mojawapo ilikuwa Warrington, iliyoanza 1757, alikofundisha Joseph Priestley kabla hajajulikana dunia nzima kwa utafiti wake wa oksijeni. Warrington ilipokufa, warithi wake wakafungua chuo cha Manchester. Wakakiweka wakfu kwa mambo matatu, Ukweli, Uhuru na Dini, na wakatangaza kwamba kijana wa dhehebu lolote atapokelewa bila kuulizwa anaamini nini.

Mwaka 1793 chuo hicho kikamwajiri John Dalton afundishe hesabu na sayansi. Dalton alikuwa Quaker, mtoto wa mfumaji wa kijijini, mtu ambaye Oxford isingempokea hata kama mwanafunzi. Baadaye nadharia yake ya atomu ndiyo iliyoingia katika vitabu vya kemia tulivyosoma sote. Huwa nalifikiria sana jambo hili. Mlango uliofungwa haukumzuia yeye peke yake. Ulizuia na wote ambao wangefundishwa naye.

Kikahamahama kama familia isiyo na kiwanja: York mwaka 1803, Manchester tena 1840, London 1853. Wakati huo Bunge lilikuwa linalegeza kamba. Sheria ya 1854 iliondoa kile kiapo cha imani kwa wanaosoma shahada ya kwanza Oxford, na ya 1871 ikaondoa karibu vyote vilivyosalia. Mwaka 1889 chuo kikahamia Oxford, na majengo yake ya mawe yakafunguliwa 1893. Hata hivyo kilikaa hapo karne nzima kikiwa jirani tu wa chuo kikuu. Mwaka 1990 kikapewa hadhi ya kati, na 1996 ndipo kikawa chuo kamili cha Oxford, miaka 210 baada ya kuanzishwa. Jina la Harris liliongezwa kwa heshima ya Philip Harris, mfadhili aliyekiwezesha kusimama. Naye hakupata kwenda chuo kikuu: baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, akaacha shule akaendesha maduka ya mazulia ya familia.

Nimeyasimulia haya yote kwa sababu huwezi kuzielewa mila za mahali bila kujua ni nani walizikosa. Kuna mwanamke mmoja ambaye habari zake nilizipata nikiwa mwaka wa kwanza, Gertrude von Petzold, mzaliwa wa Ujerumani, aliyesomea uchungaji hapo kuanzia 1901. Mwaka 1904 akaitwa na kanisa moja la Leicester, akawa mwanamke wa kwanza Uingereza kusomea uchungaji chuoni na kukabidhiwa kanisa. Oxford yenyewe ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920. Yaani chuo hiki kidogo kilichokuwa nje ya uzio kilikuwa kimeshamfundisha mwanamke na kumpeleka madhabahuni wakati chuo kikuu cha jirani bado kinawaacha wanawake wafanye mitihani na kurudi nyumbani bila shahada.

Miaka ya 1990, kilipokuwa kinaingia rasmi, chuo kikachagua kupokea watu wazima peke yao. Mimi nauona uamuzi huo kama muendelezo wa historia yake. Waliokuwa wamefungiwa nje kwa sababu ya imani walikuwa wameshaingia kila mahali. Waliobaki nje ni wale waliopitwa na umri: aliyezaa akiwa na miaka 17, aliyeanza kazi mapema ili wadogo zake wasome, aliyefeli kwa sababu nyumbani palikuwa na vita vya baba na mama, aliyekuja ugenini na cheti ambacho hakuna mwajiri anayekitambua. Kwenye mnara wa saa wa chuo pameandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: muda umekwenda kuliko unavyodhani, ila hujachelewa kamwe. Nilipita chini ya maneno hayo kila siku, na nilipenda kwamba hayadanganyi. Sehemu ya kwanza inakukumbusha kwamba miaka imekwenda kweli. Sijaona tangazo la chuo lenye uungwana wa kiasi hicho.

Sasa nije kwenye majoho.

Oktoba, muhula unapoanza, kila mwanafunzi mpya wa Oxford anapelekwa kuandikishwa rasmi katika jumba la Sheldonian, lililobuniwa na msanifu majengo Christopher Wren na kukamilika 1669. Mavazi yamepangwa: suti au sketi ya rangi nyeusi au ya giza, shati au blauzi nyeupe, tai au utepe mweusi shingoni, na joho. La mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni fupi, halina mikono, lina tepe mbili zinazoning'inia mgongoni. Kofia ya mraba unaibeba mkononi. Mnaingia kwa mistari, mnasimama, Makamu Mkuu wa chuo kikuu anatamka maneno machache ya Kilatini, na mkitoka nje ninyi ni wanachama wa chuo kikuu mpaka kufa kwenu. Sherehe yenyewe ni fupi kuliko ibada ya asubuhi.

Kwenye vyuo vingine siku hiyo utaona wazazi wamejazana barabarani wanawapiga picha watoto wao. Kwetu ilikuwa kinyume. Mama mmoja wa mwaka wangu, aliyeendesha mabasi ya abiria kabla ya kuja kusoma sheria, alikuja na mwanawe wa kiume aliyekuwa anamaliza sekondari. Yule kijana ndiye aliyemfunga utepe. Aliufunga ukaenda upande, akaufungua, akaufunga upya, huku mama amenyanyua kidevu na macho ameyafumba kabisa. Halafu kijana akarudi nyuma hatua tatu akampiga picha, akaziangalia, akasema, "Mama, hii ya pili umetoka vizuri." Wengine tuliokuwa pembeni tulinyamaza wote. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyetamani awepo.

Nimewasikia wasomi wakisema mavazi yale ni mabaki ya ubwana wa zamani na yafutwe. Mwaka 2015 wanafunzi wa Oxford walipiga kura kuhusu joho kwenye mitihani, na walio wengi sana wakataka libaki. Mimi ningepiga kura upande huo huo, na sababu yangu ni hii. Mtu mzima anayerudi shule anaingia kwa mlango wa pembeni. Anawaambia watu kazini kwamba "kuna kozi kidogo nafanya". Anasomea jikoni watu wakishalala. Hakuna siku hata moja ambayo mji unasimama na kusema, fulani naye ni mwanafunzi. Joho linamtangaza mbele ya watu, mchana, barabarani, na linamtangaza sawasawa na mtoto wa bwanyenye wa chuo cha pili. Wakati wa mitihani unavaa lile lile, na unabandika ua la karnesheni kifuani: jeupe kwa mtihani wa kwanza, la rangi ya waridi kwa ile ya katikati, jekundu kwa wa mwisho. Watu wanaokupita mjini wanajua umefika wapi. Dereva wa teksi aliniona na ua jekundu akashusha kioo akanitakia heri. Alikuwa na mvi kama zangu.

Mila ya pili ni ya kula. Kuna siku chakula cha jioni ni cha joho: meza ndefu, mishumaa, mnasimama walimu wakiingia, dua fupi inasomwa, mnakaa. Huchagui wa kukaa naye. Kwa mtu ambaye miaka mingi amekula amesimama, kati ya zamu na zamu, sahani mkononi na simu sikioni, kule kulazimishwa kukaa kitako saa nzima na nusu na kuzungumza na asiyemjua ni zawadi kubwa kuliko mnavyofikiri. Nilikaa na mwanajeshi mstaafu aliyekuwa anasoma Theolojia, na binti wa miaka 22 aliyekimbia nchi yake na kurudia masomo yote ya sekondari kwa lugha ya kigeni. Mezani hapo nilisikia habari za mahakama, za wodi za hospitali, za kufilisika na za talaka, zote zikitumika kama hoja. Ukitaja nadharia ya kodi, kuna mtu amewahi kufungiwa duka. Ukitaja sera ya malezi, kuna mtu amekulia kituo cha yatima. Ungekuwa ukumbi wa vijana watupu, maneno yale yangekuwa ya vitabuni tu.

Cambridge nako viko vyuo vya namna hii, vitatu: Hughes Hall, kilichoanza 1885 kama chuo cha kufundishia walimu wanawake, St Edmund's, kilichoanzishwa na Wakatoliki 1896, na Wolfson cha 1965. Wolfson wao waliamua tangu mwanzo kwamba hakutakuwa na meza kuu ya walimu ukumbini, kila mtu anakaa popote. Naelewa nia yao na naiheshimu, maana mtu mzima hapendi kukumbushwa nani yuko juu. Lucy Cavendish kilikuwa cha nne, cha wanawake watu wazima, nacho siku hizi kinapokea wanafunzi wa jinsia zote hata wa miaka 18. Hilo liliniuma. Milango ya vijana ni mingi, ya mama wa miaka 45 inahesabika.

Lakini mila iliyonibadilisha kuliko zote haina vazi wala mshumaa. Kila wiki unapewa orodha ya vitabu na swali, unaandika insha, kisha unakwenda chumbani kwa mwalimu, wewe na mwenzako mmoja au peke yako, mnakaa saa nzima mnaichambua. Hakuna pa kujificha. Mwalimu wangu wa muhula wa kwanza alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Mimi nimetoka mahali ambapo nilikuwa nikiingia darasani watoto 80 wanasimama kwa pamoja, "Shikamoo Mwalimu!", na ambapo mdogo hamkosoi mkubwa usoni, anamtuma mjomba. Sasa huyu kijana ananiita kwa jina langu la kwanza na kuniambia kwamba hoja yangu ya ukurasa wa pili haishikamani na ile ya ukurasa wa nne.

Kilichofanya nisiione kama dharau ni utaratibu wenyewe. Insha iko mezani, katikati yetu, na wote wawili tunaitazama. Yeye naye nilipombana kuhusu uchumi wa mkonge wa Tanga, jambo ambalo babu yangu alilijua kwa mgongo wake, alisimama akaenda rafuni, akatafuta, akarudi akasema, "Una haki, hilo sikuliona." Kwa umri wangu nilikuwa nimeshasahau ladha ya kukosolewa bila kudhalilishwa. Watu wazima tunakosolewa kwa barua za onyo na kwa mafumbo ya mawifi. Kukosolewa kwa upendo wa jambo lenyewe, kila wiki, muhula wa wiki 8 baada ya muhula wa wiki 8, kunamrudishia mtu akili yake.

Kanisa la chuo niliingia kwa sababu ya baridi, nikawa narudi kwa sababu ya vioo vya rangi vya madirisha yake. Vilibuniwa na mchoraji Edward Burne-Jones na kutengenezwa na kampuni ya William Morris. Vimo vya siku sita za uumbaji: kila siku ina malaika wake ameshika tufe, na ndani ya tufe kuna kazi ya siku ile, nuru, maji, miti, jua na mwezi. Asubuhi za jua, rangi zile zinashuka hadi kwenye mabenchi. Mwislamu mwenzangu kutoka Mombasa alipokuja kunitembelea alikaa pale muda mrefu kuliko mimi. Na hapa niweke jambo dogo ambalo mimi kama mtu wa Historia siwezi kulipita: wakati wa Vita vya Pili, majengo haya yalichukuliwa na idara ya kijeshi iliyokusanya habari za sura ya nchi ambazo majeshi yangezivamia. Waingereza waliombwa redioni watume picha walizopiga likizo kwenye fukwe za Ulaya, na picha zikamiminika kwa mamilioni. Fukwe za Normandy, kule Ufaransa, zilichunguzwa kwa picha za familia zilizokuwa zinaogelea.

Sasa nirudi nyumbani, maana Oxford kuna chuo kingine cha watu wazima ambacho damu yake inatiririka hadi Kigamboni.

Ruskin kilianzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi: wachimba makaa, makuli, makarani, watu waliotumwa na vyama vyao vya wafanyakazi. Hakikuwa sehemu ya chuo kikuu, kilikuwa jirani yake, na wanafunzi wake walikuwa wakali: mwaka 1909 waligoma kwa sababu waliona wanafundishwa uchumi wa matajiri. Tom Mboya alisoma hapo 1955 hadi 1956, akiwa kijana wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Na Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa mwanafunzi wa Ruskin, alikuja Tanganyika na wazo la kujenga chuo cha namna hiyo huku, akachangisha fedha, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa Kigamboni, Dar es Salaam. Wicken mwenyewe akaendelea kuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu Nyerere kwa miongo kadhaa.

Baba yangu mdogo alipitia Kivukoni miaka ya 60. Alikuwa karani bandarini, elimu yake darasa la nane, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Nilipomaliza Oxford nilikwenda kumwamkia na kumwonyesha picha za joho. Alizishika kwa mikono miwili akazitazama moja moja, halafu akaanza kunisimulia ya kwake. Kuvuka na pantoni jioni ya Jumapili na sanduku la bati. Kulala chumba kimoja na bwana ushirika wa kahawa kutoka Kilimanjaro na mwalimu kutoka Songea. Kusoma uchumi, historia na utawala. Kushika jembe mchana, walimu nao wakiwa shambani. Na mijadala ya usiku ambayo haikwisha mpaka taa ilipozimwa.

"Mwanangu," aliniambia, "bandarini swali lilikuwa moja tu: umemaliza? Kivukoni ndiko nilikoulizwa kwa mara ya kwanza, wewe unaonaje?"

Nilimuuliza kama walikuwa na mila zao. Akacheka, akasema mila ilikuwa chai. Baada ya kipindi cha mwisho wote walikwenda kunywa chai mahali pamoja, mkuu wa chuo na mpishi wakiwamo, na mtu akiwa na neno analisema pale. Nilipomwambia kwamba Oxford nako tulikuwa na meza, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu wa mbali.

Mwaka 1971 Kivukoni kikawa chuo cha itikadi cha TANU, baadaye cha CCM, na leo majengo yake ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichoundwa kwa sheria ya 2005, kinachojaa vijana waliotoka sekondari. Ni chuo chenye heshima yake. Lakini kwa maoni yangu, kilipogeuka kuwa cha chama, nchi ilipoteza mahali pekee ambapo mtu mzima wa darasa la nane alipewa kitanda, kitabu, meza na haki ya kubisha.

Ajabu ni kwamba nia haikupungua. Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mabibi zetu wakakaa chini ya miembe kujifunza kuandika majina yao. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa Musoma na kupitisha azimio lililogeuza kabisa foleni ya chuo kikuu: kijana akimaliza kidato cha sita aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, apate barua za mwajiri na tawi la chama, ndipo afikiriwe. Kwa ghafla Mlimani kukajaa watu wenye familia. Idadi ya wanawake ikaporomoka, kwa sababu miaka miwili ile ndiyo ya kuolewa na kuzaa, ikabidi wao waondolewe sharti hilo mapema. Baadaye nalo azimio likalegea kwa wote.

Nililisoma azimio hilo kwa makini nikiwa naandika tasnifu yangu, na hitimisho langu ni kwamba lilibadilisha nani aingie bila kubadilisha anachokikuta ndani. Mwanafunzi wa miaka 35 aliwekwa kwenye bweni la kijana wa miaka 20, chumba cha watu wengi, mke na watoto wako Singida, ratiba ya chakula na ya vipindi imepangwa kana kwamba hana mtu duniani. Wengi walivumilia kwa sababu kizazi kile kilijua kuvumilia.

Siku hizi milango imeongezeka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na askari wa Mtwara au mama wa Bukoba anaweza kusoma shahada bila kuacha kazi yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendelea tangu miaka ya 60. Uganda, Makerere ina mtihani wake maalum wa watu wa miaka 25 na zaidi. Hizi ni kazi kubwa na nazishukuru. Ila rafiki yangu mmoja, muuguzi wa Dar, anasoma jioni kwenye chuo ambacho sitakitaja. Anatoka zamu, anapanda daladala mbili, anaingia darasani saa kumi na moja na nusu, kipindi kinaisha saa mbili. Maktaba inafungwa saa hiyo hiyo ya mbili. Kantini imeshafungwa zamani. Mwalimu anakimbilia gari lake, wanafunzi wanakimbilia kituoni, na kwa mwaka mzima hajawahi kukaa na mwenzake yeyote wakazungumzia walichofundishwa. Anajua majina ya wanafunzi wenzake kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp. Ana akili kuliko mimi. Anachosoma anakisoma peke yake, kwenye ukingo wa kitanda, mtoto amelala.

Mwaka 2004 dunia nzima ilimshangilia Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Nami nilimshangilia, na nilimpenda kwa soksi zake ndefu na kaptura ya sare. Lakini shangwe ile ina hatari yake. Inamfanya mwanafunzi mtu mzima awe muujiza, na muujiza hauwekewi bajeti. Tunampigia makofi siku ya kuingia, halafu tunamwacha atafute pa kukaa.

Hatuna haja ya kuiga Kilatini. Nachotamani ni ile sehemu ya ndani: mtu mzima awe na mahali chuoni anapojulikana kwa jina, meza anayolazimika kukaa na wenzake, mwalimu mmoja anayesoma maandishi yake kila wiki, na siku moja ya mwaka ambayo mtaa wake unamwona amevaa vazi la mwanafunzi kabla hajafika mahafali. Sisi wa pwani na bara tunajua kufanya mambo ya namna hii. Unyago, jando, harusi, arobaini, hakuna hatua ya maisha tunayoiacha ipite bila watu, vazi na chakula. Sijui kwa nini mama wa miaka 40 anayeanza shahada apite kimya kimya.

Kama wewe unayesoma hapa umo kwenye baraza la chuo chochote chenye masomo ya jioni, iwe Dar, Dodoma, Nairobi, Kampala au Bujumbura, ningekuomba uanze na maktaba. Iache wazi hadi saa tano usiku, siku tatu kwa wiki. Itafutie mkutubi mmoja wa zamu na mlinzi wa kuwasindikiza wanawake kituoni. Kisha chagua chumba kimoja kati ya vile vinavyolala vimefungwa kila jioni, weka meza ndefu moja, viti ishirini na birika la chai, na mwalimu mmoja alipwe kukaa hapo Jumatano kuanzia saa mbili, asome insha za wanaotoka kazini. Mwaka mzima wa mpango huu hautazidi bei ya gari moja la mkuu wa idara. Hesabu nimeshaifanya pamoja na yule rafiki yangu muuguzi, na tuko tayari kumpelekea yeyote atakayeitaka.